Dada yangu mkandaji alivyofunzwa kupiga hodi kwenye mguu wa mpangaji wetu

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo herufi zikikaa upande zisimamisheni wenyewe. Lakini maneno hayajapinda. Haya yametokea nyumbani kwetu mtaa wa Kuze, huku pwani, mimi nipo. Jina la mwanamke tu nimelibadilisha. Tumwite Furaha.

Furaha ni mkimbizi, Mkongo. Dada yangu, Bi Mwanakheri, alimpangisha chumba cha juu. Huko kwao alifungwa, akapigwa nyayoni. Zaidi ya hapo hatujui.

Akitembea utadhani akanyaga makaa. Akenda kliniki moja huko Tudor: kwa daktari wa miguu, kisha kwa mama mmoja wa kuzungumza naye tu. Nyinyi mliosoma mwamwita counsellor.

Mimi nilikuwa nikicheka. Kuzungumza nako ni dawa? Mbona sisi barazani twazungumza kutwa na magoti yangu yauma vilevile.

Tuendelee.

Dada ni mkandaji. Nilipoanguka ngazini nikipaka chokaa, ndiye aliyenirudishia kiuno. Kazi yake haina maswali. Walala kifudifudi, mtu akushika mabega usirukeruke, mafuta ya nazi ya moto, basi. Ukilia akwambia, "Lia, mifupa yasikia."

Siku moja akamhurumia Furaha. Akamlaza, akafunga mlango kwa sitara, binti wa dada akashika mabega, dada mwenyewe akashika mguu.

Wakuu, ile sauti aliyoitoa Furaha!

Nilikimbia nikaishia ngazini, maana pale si pa wanaume. Nikasikia bakuli laanguka, na dada auliza, "Kwani n'mefanyani?"

Tangu hapo Furaha akawa hatoki chumbani. Na kliniki akakataa kwenda. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu mguu ulikuwa umeanza kulegea kwa mazoezi ya kliniki, na daktari alishasema akiyaacha katikati utakakamaa.

Yule mama wa kliniki akaja mwenyewe. Akasimama nje ya chumba, mlango umeegeshwa tu, akasema hodi. Hakusukuma. Akaketi mkekani, chai ikaja, ikapoa, ikaja nyingine. Baadaye sana ndio ikatoka sauti: "Karibu."

Alipotoka akamweleza dada: kule kliniki hawamgusi mtu kabla ya kumuuliza, na akikataa, mkono huondolewa.

Dada akacheka. "Daktari mzima yuwapiga hodi kwa mguu!"

"Bi Mwanakheri, hapa kwako mtu aingia bila hodi?"

"Athubutu!"

"Basi waliomuumiza hawakupiga hodi. Walifunga mlango, wakamshika mabega."

Dada akaokota vikombe vya chai, akaenda kuviosha mwenyewe. Wanaomjua wanaelewa hilo si jambo dogo.

Zikapita siku. Jioni moja akapasha mafuta, akapanda. Safari hii mlango wazi, pazia tu, na binti yake kamwacha kando. Mimi niko chini nasikia.

"Hodi mguuni, mwanangu."

"Leo hapana, mama."

Binti akadakia, "Lakini mafuta yashapata moto!"

"Yatapoa," dada akasema.

Akashuka na bakuli lake, akanivamia mimi magoti bila hata salamu.

Asubuhi yake Furaha akashuka, mkono ukutani, viatu miguuni. "Mama, unaweza nisindikiza kliniki?"

Wakaenda.

Hajapona, sitawadanganya. Usingizi bado wamsumbua, na kwa yule mama bado aenda. Ila mguu wakandwa siku akitaka, na siku hataki, mafuta hurudi jikoni.

Nilichokipata mimi ni hiki: ile "hapana" yake iliposikizwa ndipo alipoweza kushuka ngazi. Na dawa ya kuzungumza siicheki tena.

Wenye uzoefu na wagonjwa wa namna hii, semeni nanyi mlifanyaje. Na kama yuko mwenye dawa ya magoti asinifiche, maana dada hodi yake haijanifikia mimi.