Mafuta ya pamba kwenye kebo ya pikipiki: yaliyotukuta njia ya Migato

Wakuu, mwangaluka. Hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo naliweka hapa kama lilivyo, sipunguzi wala siongezi.

Mimi ni fundi baiskeli Bariadi, bado najifunza. Ndoto yangu ni duka la spea lenye jina la mama ukutani. Chekeni tu, bango nimeshalichora.

Kwetu Migato baiskeli tulizilainisha kwa mafuta ya pamba. Mjomba yuko jineri, kiwanda cha pamba, kidumu cha mafuta hakikauki nyumbani. Waya wa breki wa zamani ulipita kwenye mrija wa chuma kitupu, ukiunywesha unatulia.

Soko la bidhaa za nje lilipofunguliwa pikipiki za bei nafuu zikamiminika, kaka Masunga akapata yake. Kebo zake zina mrija wa plastiki ndani, zinateleza zenyewe.

Hatukujua kwamba hazitaki mafuta. Kila akiiosha anazinywesha mafuta ya pamba.

Asubuhi ile anampeleka mama kliniki. Akaongeza kidogo kwenye kebo ya akseleta, eti mama asirushwerushwe.

Kwenye kona ya kalavati akseleta ikagoma kurudi. Kaachia, injini inazidi kulia. Wakaingia korongoni.

Kaka alivunjika mkono. Mama hakufika hospitali.

Msibani maneno yakaanza. Mjomba ndiye aliongoza: kijana alikuwa anakimbiza, bodaboda ndivyo walivyo. Kaka chakula hakigusi.

Nikaenda kwenye ile pikipiki nikachomoa kebo. Wakuu, waya ulitoka na utando wa mafuta yaliyoganda, rangi ya asali, umeshika vumbi, unanata kama ulimbo.

Nikampa mjomba. Akaushika, akanusa vidole, akakaa chini. Habari ya mwendo hakuitaja tena.

Nikampelekea na kaka, nikidhani nampa nafuu.

"Ona ngosha, hukuwa unakimbiza."

Akauangalia sana.

"Bora ningekuwa nakimbiza," akasema.

Nilichojifunza: kebo yenye plastiki ndani iache kavu. Ikikaza, chomoa waya, ufute, puliza mrija. Ikibaki ngumu nunua mpya. Mafuta ya pamba yabaki jikoni.

Kaka siku hizi anakaa kwenye benchi langu, ananishikia rimu nikipanga spoku. Pikipiki hagusi.

Kama kuna aliyewahi kumpa ndugu yake ukweli ukamuumiza kuliko uongo, aandike hapa chini. Baadaye mliongeaje?