Kiatu Kilichobaki Nyuma

Nikiwa mtoto kule Dagoretti, shosho aliyemzaa baba yangu alituambia kwamba mtu akitokwa na kiatu asijue, kuna marehemu wake anayemvua, na usithubutu kumrudishia. Ukimrudishia, wafu watakuvua wewe.

Baba alikuwa akiswaga ng'ombe kuwapeleka machinjioni. Siku moja fahali alimbamiza kichwa kwenye nguzo ya zizi. Akainuka akicheka: "Huyu kesho ni supu!" Tukasahau. Mvua ikaja ikaisha, ndipo akaanza kulala mchana na kulalamikia kichwa. Halafu ndara yake ya tairi, akala ya kushoto, ikabaki njiani, naye akaenda tu, mguu ukiburura vumbi. Nilikimbia nikaiokota.

"Iache!" shosho akasema. "Wameshaanza."

Baba akaitiwa wazee, akaombewa. Hakuna aliyewaza tena habari ya fahali. Asubuhi moja hakuamka. Tangu hapo nimeishi nikitazama miguu ya watu.

Sasa juzijuzi, hapa Kinoo, mume wangu, Baba Njoki, akaacha ndara ya kushoto mlangoni pa kanisa, akaingia bila habari. Nikamwambia binti yetu tumpeleke hospitali.

"Mum, hiyo ni uzee tu," Njoki akasema.

"Mama yako anataka nilazwe auze kuku zangu," mzee akadakia.

Sikukaa, sikula. Nilizunguka ile nyumba mpaka wakachoka nami, tukaenda. Daktari, msichana mdogo tu, akamwambia anyooshe mikono yote miwili, afumbe macho. Wa kushoto ukashuka polepole, mwenyewe hajui.

"Aligonga kichwa, hata kama ni zamani kidogo?" daktari akaniuliza.

"Hapana," akajibu mzee.

"Aligonga!" nikasema. "Mlango wa duka, kabla ya mvua. Hata damu hakutoka."

Picha ya kichwa ikaonyesha damu imekuwa ikivuja ndani kidogo kidogo, ikikandamiza ubongo. Wakamtoboa fuvu, wakaitoa.

Shosho hakusema uongo. Alichokiona mguuni ndicho daktari alichokiona mkononi. Ila kwake ulikuwa mwito wa wafu, na aliyeitwa hapelekwi hospitali.

Mzee alipozinduka aliitisha chai, akaniona natokwa na machozi.

"Mama Njoki, unalia nini na mimi niko?"

"Si wewe," nikamwambia. "Namlilia baba."