Upepo Daraja la Pili

Nilimdanganya mtu mwenye bunduki, na uongo wangu ukageuka kweli mbele ya macho yangu. Simwombei hata adui yangu bahati ya namna hiyo.

Naitwa Asumani. Mwaka 1964 Kisangani ilikuwa bado Stanleyville, na mimi nilikuwa mpima upepo.

Usicheke. Ilikuwa kazi ya ofisi, na maringo nilikuwa nayo.

Kipimo chetu kilikufa zamani, kwa hiyo nilipima kwa macho. Moshi ukipanda wima, sifuri. Majani yakichezacheza, mbili. Matawi makubwa yakiyumba na mto ukijaa povu jeupe, hiyo ni sita.

Waasi walipouteka mji wakanifungia ofisini. Dirisha langu lilitazama ua wenye kuta ndefu, na katikati ya ua bendera yao. Basi.

Asubuhi moja mke wangu Nyota akaja kwa siri mlango wa nyuma. Kaka yake alikuwa askari wa serikali, na waasi walitaka Nyota ndiye alipie kosa hilo.

"Bwana, Basile, ule muvuvi, ananingoja na pirogi, anivushe ng'ambo ya mto. Upepo iko namna gani?"

Nikachungulia. Bendera ilining'inia, pindo tu likitikisika.

"Iko mbili. Enda."

Saa moja baadaye kamanda akaingia.

"Muke yako iko wapi? Batu bamemuona anaingia mu pirogi. Tunamufuata."

Nikajikaza.

"Mon commandant, leo hamuwezi kuvuka. Upepo iko sita."

Akaitazama bendera. "Sita? Bendera iko inalala."

"Ile kitambaa iko nzito, mulishona na rido ya dirisha. Na ukuta unaikinga."

Nilikuwa naokoteza maneno tu, ilimradi nimcheleweshe.

Akanikamata shati, akaniburuta kwenda mtoni.

Tulipopita kona ya ukuta, upepo ukanivua kofia. Michikichi yote imeinama. Mto mzima ulikuwa povu.

"Ilianza saa ngapi?" nikamuuliza askari wa zamu.

"Tangu alfajiri, papa."

Nikaukodolea mto macho, natafuta pirogi. Kamanda akanipigapiga begani, amefurahi.

"Bon. Unajua kazi yako. Hakuna mutu atavuka leo."

Basile alinijia mlango wa nyuma siku ya tatu, peke yake, mikono imechubuka. Pirogi ilipinduka katikati ya mto. Alimtafuta Nyota mpaka karibu na Yanonge, mbali chini mtoni, hakumpata.

Nilimfokea vibaya. Wewe mvuvi, umezaliwa kwenye maporomoko, hukuyaona maji?

"Niliona, tonton. Nilimuambia maji iko mubaya, tungoje. Akakataa. Akasema, 'Bwana yangu amesema mbili, na yeye hajakosea hata siku moja.'"

Ndugu unayesoma, ukiulizwa jambo ambalo hujaliona, sema hujui. Mimi niliona aibu kulisema neno hilo mbele ya mke wangu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.