Mawese, Kuku na Sanduku la Njano

Kuna wakati niliamini, na ningeapa mbele ya padri na shehe kwa pamoja, kwamba mtu aliyepigwa na mionzi anapona kwa njia moja tu: kumbeba mtoto mchanga. Mionzi inapenda mifupa laini. Inatoka kwako, inahamia kwa mtoto, wewe unanenepa, mtoto anaisha kama mshumaa. Kama huna moyo wa kufanya hivyo, basi jipake mawese mwili mzima, maana mionzi ikikutana na mawese huteleza.

Msinicheke bado. Mimi si mtu wa kudanganywa ovyo. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku pale Kasulu, na alama yangu ya fizikia ilimfanya mwalimu avue miwani aifute, aangalie tena. Tatizo ni moja: mada ya mionzi ilikuwa mwishoni mwa kitabu, na sisi wa usiku hatukuwahi kufika mwisho wa kitabu chochote. Kila mwalimu akikaribia, mvua inanyesha, umeme unakatika, tunarudi kwenye vipimo na mizani.

Ujenzi wa barabara ulipofika kwetu Kitahana, nikapata kazi ya kushika bendera. Nyekundu simama, kijani pita. Nimesimamisha malori, nimesimamisha ng'ombe, siku moja nikasimamisha harusi nzima pamoja na bibi harusi. Na ukungu wa asubuhi wa huku juu, ungeweza kuukata kwa panga ukaufunga kwenye magunia.

Asubuhi moja ya ukungu huo, fundi wa maabara alileta sanduku lake la njano. Ni chombo chenye mpini, ukubwa wa begi la shule, kinawekwa juu ya kifusi kupima kama kimeshindiliwa vizuri. Ndani yake mna mionzi. Hilo tulilijua kwa ile alama nyeusi kama feni iliyobandikwa ubavuni. Tulikiogopa kama nyoka, na kama nyoka, tulipenda kukitazama.

Fundi akakiweka chini, akageuka kuwafukuza mbuzi waliokuwa wanaingia kwenye kifusi chake. Hapo hapo shindilia, lile gari lenye gurudumu la chuma, likatokea kwenye ukungu kinyumenyume. Nilipiga ukelele ambao naamini ulivuka mpaka hadi Burundi. Dereva hakusikia. Nikaona mpini wa njano unasimama kidogo, unalala, halafu sauti kama mtu amekanyaga kibuyu.

Watu wote walikimbia. Mimi pia nilikimbia, ila nilikimbilia sanduku. Nilijikuta nimesimama juu yake, plastiki imetawanyika kama maganda ya mayai, bendera nyekundu iko juu, nalisimamisha shindilia ambalo lilikwisha kusimama.

"Kaka, toka hapo!" fundi alilia. "Toka! Usiguse kitu!"

Nikatoka. Akazungusha kamba mahali pale, akatuweka mbali wote, akapiga simu.

Kesho yake likaja gari, akashuka mama mmoja mtaalamu wa mionzi, na chombo mkononi kinacholia tik, tik. Akaagiza wote waliokuwepo waje wapimwe mmoja mmoja. Wenzangu walikwenda. Mimi nilijificha korongoni, kwa sababu jioni iliyotangulia nilikuwa nimezungumza na dereva wa shindilia.

Dereva huyo alikuwa mtu mzima, amejenga barabara mpaka Kongo, na neno lake pale kambini lilikuwa kama la mtabiri wa hali ya hewa.

"Mdogo wangu," aliniambia, "si una mke anakaribia kujifungua?"

"Ego, ndiyo mzee. Wakati wowote sasa."

"Pole sana." Akainamisha kichwa. Ndipo akanieleza habari ya mifupa laini. "Usimbebe. Hata pumzi yako isimfikie. Na huyo mtaalamu anayekuja kesho na chombo, kikilia kwako, hutarudi nyumbani tena. Wanakufungia mahali."

Akanimiminia mawese kiganjani kutoka kwenye chupa yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajipaka, uso unameta kama sufuria ya sikukuu. Hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Mke wangu alijifungua siku ile ile niliyokuwa korongoni. Binti. Tulikuwa tumemngoja mtoto huyo mpaka majirani walikwisha acha kuuliza. Simu ilipokuja wenzangu walinirusha juu, na mimi nikiwa hewani nilikuwa nawaza: nimempata, na siwezi kumgusa.

Nilikaa kambini. Nilisema kazi ni nyingi. Dereva alikuwa amenifundisha pia kwamba kuku humtambua mwenye mionzi, hawamkaribii. Basi asubuhi natupa mahindi, nawaita. Wakija, nasema hawa wana njaa tu. Wasipokuja, nasema umeona. Hakuna kuku aliyeweza kunipa habari njema. Chakula hakishuki. Usingizi ulihama, ukaenda kulala kwa watu wengine. Nilinuka mawese kiasi kwamba siafu walinifuata njiani.

Siku nilipopata ujasiri, nilikwenda mpaka migombani nyuma ya nyumba, nikasimama. Mke wangu akaniona kupitia mlango wa jikoni.

"Baba," aliniita. Ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo. "Mbona umesimama huko? Ingia."

"Nipo tu hapa. Nina haraka."

Akaenda ndani, akatoka na mtoto amefungwa khanga. Alitembea polepole, maana hakuwa amepona. "Njoo umwone pua. Ni pua yako hii, hata mama yangu amesema." Akafunua khanga ili nione. Akasogea hatua moja.

Mimi nikarudi nyuma hatua moja.

Akasogea tena. Nikarudi tena, mpaka mgongo ukagonga mgomba. Mke wangu akasimama. Akaitazama ile pua, akanitazama mimi, akamfunika mtoto taratibu. Akageuka kurudi jikoni. Angenitukana ningeshukuru. Niliondoka pale nikilia, na sitii chumvi sasa: nililia kweli, njia nzima.

Siku mbili tatu baadaye kaka wa mke wangu akaja kazini na pikipiki yake. Alizima injini mbele ya bendera yangu.

"Shemeji, kwetu mtu akimkataa mtoto anasema. Hasimami migombani kama mwizi wa ndizi."

"Sijamkataa."

"Basi umembeba?"

Nikaanza kuikunja bendera.

"Mama amesema leo nipate jibu. Nikirudi bila jibu nawachukua wote wawili, nawapeleka nyumbani Munanila. Na ukija kule usije na maneno, uje na wazee wako."

Foleni ya magari ilikuwa inapiga honi nyuma yake. Nikaona maisha yangu yanafungwa kwenye kiti cha pikipiki na kuondoka. Nikasema, "Shemeji, nina mionzi."

"Una nini?"

"Mionzi. Lile sanduku lilipokanyagwa nilisimama juu yake. Nikimbeba mtoto atakufa."

Alijisogeza nyuma kidogo, nilimwona. Halafu akakunja uso. "Nani kasema?"

"Dereva wa shindilia."

"Na yule mama wa tik tik? Kasemaje?"

"Sijamuuliza."

"Hujamuuliza! Shemeji, wewe? Na cheti kile ulichokitundika ukutani?" Akapiga tangi la pikipiki. "Yule mama yuko kambini leo, nimepishana na gari lao, wamekuja kuchukua vipande. Panda. Lakini usinishike kiuno, shika chuma cha nyuma."

Nikampa mwenzangu bendera, tukaondoka.

Mama yule tulimkuta anapakia pipa zito kwenye gari. Nilimweleza yote: korongo, mawese, kuku, migomba, pua. Nikakaa chini. Shemeji alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni, kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Mama akatoa kile chombo. Akakipitisha kichwani kwangu, kifuani, viganjani, kwenye soli za viatu. Tik. Tik. Nikafumba macho, nikaanza sala. Kisha akakisogeza kwenye jiwe lililokuwa pembeni. Tik. Tik.

"Umesikia?" alisema. "Wewe na jiwe mko sawa. Mionzi ya lile sanduku inatoka kwenye kidonge kidogo cha chuma. Kidonge kingepasuka, vumbi lake lingekuganda, hapo tungekuwa na kazi. Hakikupasuka, nilikikagua mwenyewe. Wewe ulisimama karibu kidogo, ukaondoka. Mtu akitoka juani haendi nyumbani na jua. Hakuna cha kumwambukiza mtoto."

"Kwa hiyo naweza kumbeba?"

"Mbebe. Ila kaoge kwanza, hayo mawese yatamchafua."