Diski Iliyofunguliwa kwa Wote

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa ofisi ndogo iliyoko Mnazi alinikabidhi kompyuta akasema, "Kijana, mashine haimjui mkubwa wala mdogo. Inamjua aliyeingia kwa nywila yake." Nililichukua neno hilo kuwa la ufundi. Miaka imenifundisha kwamba lilikuwa la maadili.

Baadaye nilihamishiwa Lushoto mjini, kwenye kituo kilichohifadhi sauti za wazee waliosimulia kwa Kishambaa habari za misitu na tiba. Sauti zote, nami nilizisikiliza moja baada ya nyingine, zilikuwa katika diski moja ya nje. Vijana mnaosoma haya, fahamuni kwamba kompyuta huipokea diski ya namna hiyo yenyewe, mara tu inapochomekwa. Ikiwa diski haikuandaliwa kutunza utambulisho wa mwenye faili, aliyeketi mbele ya kioo ndiye huhesabiwa mmiliki, naye aweza kubadili na kufuta. Niliiandaa upya: mafaili nikayaweka chini ya akaunti moja ya mtunzaji, wengine nikawaachia ruhusa ya kusoma tu. Niliomba na diski ya pili kwa ajili ya nakala. Nikaambiwa nisubiri.

Mkurugenzi wa kituo alijaribu kuweka faili lake humo, akakataliwa. Akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Yaani mimi, na mvi hizi, nipige hodi kwa kijisanduku?"

"Hukuzuiwa wewe peke yako, mzee. Wamezuiwa wote."

"Basi umetutukana wote! Fungua."

Ofisi nzima ilicheka. Kwetu mkubwa haambiwi hapana mbele ya watu, hata na mashine. Nilimfuata chumbani kwake kumweleza hatari, hakunikaribisha kiti. Kesho yake akamwagiza karani aliyekuwa na nywila ya mtunzaji, naye akafungua.

Haukupita muda, mkurugenzi akatafuta nafasi ya kuweka video za harusi ya binti yake. Alifuta folda asiyoitambua, akajaza harusi mahali pake. Nilijaribu kuyafufua mafaili. Palipokwisha kuandikwa upya hapafufuki.

Kisha akaja Bi Halima kutoka Shume, kuiulizia sauti ya marehemu mumewe. Ilikuwa katika folda ile iliyofutwa, na mama huyu hakuwa na hata picha yake. Mkurugenzi akamwambia, "Mama, ni mambo ya teknolojia tu." Bi Halima akatuomba radhi kwa kutusumbua. Yeye ndiye aliyeomba radhi, na hakuna aliyeinamisha uso.

Nimestaafu kabla ya umri wa lazima. Sioni dalili kwamba tutajifunza: tunakiita ukarimu kitendo cha kuacha kila kitu wazi, na kinapoharibika hatumpati wa kuulizwa.

Juzi nilikutana na Bi Halima sokoni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe ulimsikiliza mzee wangu. Alisemaje?"

Nikamsimulia yote niliyokumbuka: majina ya miti, magome ya dawa, njia za msituni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hayo nayajua," akasema. "Mimi nilitaka kumsikia yeye."