Kamera Mbili za Bibi Usicheke

Jina hilo alipewa na wateja. Mtu akikaa kwenye kigoda cha studio apigwe picha ya pasipoti, mwanamke huyu mfupi humkazia macho na kumwambia, "Usicheke." Hapo hapo mtu huangua kicheko, na picha ikabidi irudiwe. Dada yake, aliyepiga picha za harusi, alikuwa akimtania kwamba anafukuza riziki kwa mdomo wake.

Walifanya kazi pamoja tangu ujana, kwa kamera za mkanda walizonunua siku moja, zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Tofauti ni kwamba ya dada ilikuwa na kibonyeo, imebonyea pembeni tangu ilipoanguka kwenye ngazi za ukumbi.

Dada alipofariki, Bibi Usicheke alijikuta anaishika kamera ya marehemu kila asubuhi, na yake akaiacha kabatini. Hakumwambia mtu. Wateja nao walizidi kupungua, simu zikachukua kazi, hata akaamua kufunga studio na kuhamia kwa mwanawe. Ndipo binti wa dada, muuguzi, alipompigia.

"Mama mdogo, Jumamosi nakuja kukusaidia kufungasha. Na samahani, naomba kamera moja niwe nayo."

"Njoo tu, mwanangu," alijibu, lakini mkono ulienda wenyewe kwenye kamera ya dada. Moja ipi, kama si ya mama yake? Ni haki yake. Mtu mzima ataanzaje kung'ang'ania kitu cha marehemu mbele ya yatima wake? Shetani alimnong'oneza azibadilishe, ampe ile isiyo ya mama yake. Kibonyeo kingemuumbua, na aibu ikamshika kwa kuwaza tu.

Jumamosi walifungasha taa, mapazia na viti. Zikabaki kamera mbili tu juu ya meza. Muuguzi alizitazama, akashusha pumzi.

"Mama mdogo, usinielewe vibaya."

"Sema tu."

"Nataka yako."

Bibi Usicheke alidhani masikio yamemchezea. "Yangu? Na ya mama yako je?"

"Ya mama iliwapiga watu wengine. Kila Jumamosi ilimchukua, sisi tukabaki nyumbani. Picha zote nilizo nazo ambazo mama yumo ulizipiga wewe, kwa hii." Aliigusa kamera isiyo na kibonyeo. "Nimeogopa wiki nzima. Nilijua hii ndiyo mkono wako, nikasema nitakunyang'anyaje?"

Bibi Usicheke aliketi kwenye boksi la vitabu. Alianza kucheka, kicheko kikamzidi hadi machozi yakamtoka.

"Na mimi nilikuwa natafuta maneno ya kukuomba ya mama yako! Tangu tumzike, siwezi kuanza siku bila kuishika."

"Kwa hiyo sote tulikuwa tunaogopana bure?"

"Bure kabisa. Chukua, mwanangu. Tena chukua na mkoba wake, ule wa mama yako umechakaa."

Muuguzi alimkumbatia. "Asante, mama mdogo... Mdogo nini?" alijisahihisha mwenyewe akicheka, "mama!" Wakabeba maboksi kwenda garini, na Bibi Usicheke akiwa na kamera ya dada shingoni, mwepesi kama aliyetua gunia.