Jina la Ndugu, Barua za Mwingine

Juzi, nikisubiri zamu yangu kwenye duka la kutoa kopi mjini Korogwe, nilimsikia mwalimu mstaafu wa kutoka Mnyuzi akimlalamikia binti wa kompyuta: "Mwanangu, mdogo wangu wa Handeni nimemzuia, lakini barua pepe zake za kunadi dawa bado zinaingia."

Binti akabonyeza jina. Chini yake ikatokea anwani isiyosomeka. "Mama, jina ni lake, ila anayetuma ni mwingine." Akaizuia hiyo, kisha akafungua folda ya barua taka, zinakotupwa za waliozuiwa. Humo zilikuwamo barua za kweli za mdogo mtu. Ya mwisho iliuliza: "Dada, nimekukosea nini?"

Mwalimu akavua miwani, akapiga simu palepale. "Hujanikosea, mdogo wangu. Niliamini jina, sikutazama anwani."

Nilipofika nyumbani, nami nikaanza kuwakagua niliowazuia.